Upungufu wa Damu: Tiba Huanza kwa Kipimo na Hukamilika kwa Kipimo

Utangulizi

"Naomba dawa ya kuongeza damu." Ombi hili ni la kawaida katika maduka ya dawa, iwe Mpanda mjini, Inyonga, Majimoto au Karema. Muuzaji hutoa vidonge au chupa ya dawa ya maji, mnunuzi hulipa, na wote wawili huridhika. Hata hivyo, maswali mawili huwa yameachwa bila majibu: damu imepungua kwa kiasi gani, na imepungua kwa sababu gani? Asiyejua jibu la swali la kwanza hawezi kutambua siku atakapokuwa amepona. Asiyejua jibu la swali la pili anaweza kumeza dawa mwaka mzima bila nafuu, mithili ya mtu anayejaza maji katika mtungi uliotoboka.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mwananchi anayenunua au kupewa dawa za madini ya chuma kwa matumizi yake au ya familia yake. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza sababu za upungufu wa damu, kuomba kipimo kinachostahili, kusoma lebo ya dawa, kutumia dawa kwa usahihi na kutambua hali zisizopaswa kusubiri.

Tatizo lenyewe si dogo. Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2015–16 ulibaini kuwa asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59, walikuwa na upungufu wa damu. Utafiti huohuo ulionesha kuwa Katavi ndio mkoa uliokuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote cha wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au waliokuwa na ujauzito wa kwanza: asilimia 45. Takwimu hizi mbili zinahusiana. Msichana ambaye mwili wake bado unakua anahitaji madini ya chuma kwa ajili yake mwenyewe, na akipata ujauzito hulazimika kugawana na mtoto kile ambacho hakikumtosha hata yeye peke yake.

Damu na madini ya chuma

Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna kiini kiitwacho himoglobini, ambacho hubeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka katika kila sehemu ya mwili. Himoglobini haiwezi kutengenezwa bila madini ya chuma. Madini hayo yakipungua, mwili hutumia kwanza akiba iliyohifadhiwa kwenye ini na kwenye uboho wa mifupa. Akiba ikiisha, ndipo kiwango cha damu huanza kushuka. Kwa sababu hiyo, mtu anaweza kuwa amepungukiwa na madini ya chuma kwa muda mrefu kabla kipimo cha damu hakijaonesha dosari.

Mwili wa mtu mzima hufyonza kiasi kidogo tu cha madini ya chuma kutoka katika chakula, kwa kawaida miligramu 1 hadi 2 kwa siku. Kila mililita moja ya damu inayopotea huondoka na takribani nusu miligramu ya madini hayo. Ujauzito mmoja, tangu mwanzo hadi kujifungua, huhitaji takribani miligramu 1,000. Msomaji akilinganisha namba hizi ataona kwa nini upungufu huingia polepole, na kwa nini hauwezi kuondoka kwa siku tatu.

Sababu katika mazingira yetu

Upungufu wa damu ni hali inayosababishwa na mambo mbalimbali. Katika mazingira ya Mkoa wa Katavi, yafuatayo yanastahili kuchunguzwa:

1. *Lishe.* Mlo wa ugali na mboga pekee, bila nyama, samaki wala mikunde, hutoa madini ya chuma kidogo, tena ya aina ambayo mwili huifyonza kwa shida.

2. *Minyoo ya safura.* Vimelea vyake huingia kupitia ngozi ya miguu mtu anapotembea pekupeku katika udongo wenye unyevunyevu uliochafuliwa na kinyesi. Mnyoo mmoja, kutegemea aina yake, unaweza kunyonya hadi sehemu ya tano ya mililita moja ya damu kwa siku. Minyoo 50 ya aina hiyo huweza kunyonya mililita 10 kila siku, yaani takribani miligramu 5 za madini ya chuma, kiasi ambacho chakula cha siku hiyo hakiwezi kukirudisha.

3. *Kichocho.* Ugonjwa huu hupatikana kwa kugusa maji yenye konokono waliobeba vimelea vyake, kama vile maji ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mabwawa na mashamba ya mpunga. Husababisha kupoteza damu kupitia mkojo au kinyesi.

4. *Malaria.* Vimelea vya malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Malaria inayojirudia huacha upungufu wa damu hata pale ambapo chakula kinatosha.

5. *Hedhi nzito, uzazi wa karibukaribu na kutokwa damu wakati wa kujifungua.*

6. *Kuvuja damu tumboni.* Wanaume na wazee wenye upungufu wa damu wachunguzwe kwa makini zaidi, kwa kuwa chanzo kinaweza kuwa vidonda vya tumbo au matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama vile asprini na diklofenaki.

7. *Selimundu.* Huu ni ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu huvunjika mapema. Mwenye selimundu asitumie dawa za madini ya chuma mpaka kipimo kithibitishe kuwa anayahitaji, kwa maana tatizo lake la msingi si ukosefu wa madini hayo.

Ipo pia tabia ya kula udongo, hususan ule unaouzwa sokoni kwa jina la pemba, ambayo ni ya kawaida kwa wajawazito. Hamu hiyo yenyewe inaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Udongo haurudishi madini yaliyopungua; badala yake huweza kuzuia yale yaliyomo katika chakula yasifyonzwe. Mama mwenye hamu hiyo asione haya kumweleza muuguzi, kwani ni taarifa muhimu ya kitabibu.

Dalili na kipimo

Dalili za kawaida ni uchovu usioisha, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kuhema unapopanda mwinuko mdogo, kuumwa kichwa, na weupe wa viganja, ulimi na sehemu ya ndani ya kope. Dalili hizi hazitoshi kuthibitisha ugonjwa. Mtu aliyezoea hali hiyo kwa miaka mingi huweza kulima na kubeba maji ilhali kiwango chake cha damu kiko chini sana.

Kipimo cha wingi wa damu huchukua matone machache. Jibu lake huandikwa kwa gramu za himoglobini katika desilita moja ya damu. Kwa jumla, mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya 12, mjamzito chini ya 11, na mwanamume chini ya 13. Mjamzito aliye chini ya 7 ana upungufu mkali.

Omba uambiwe namba yako, na uiandike pamoja na tarehe. Maneno "damu ni kidogo" au "damu si mbaya" hayakusaidii mwezi ujao utakapotaka kujua kama dawa imefanya kazi. Uliza pia kama unahitaji vipimo vya malaria, choo, mkojo au selimundu, ili chanzo kijulikane.

Watoto: funzo kutoka Pemba

Wazazi wengi huamini kuwa dawa ya kuongeza damu haina madhara, hivyo mtoto anaweza kupewa bila kupimwa. Utafiti mkubwa uliofanyika kisiwani Pemba, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2006 katika jarida la kitabibu la Lancet, ulionesha kuwa jambo hili linahitaji tahadhari. Watoto wadogo katika kisiwa hicho, ambacho wakati huo kilikuwa na malaria nyingi, walipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki bila kubagua nani alikuwa na upungufu na nani hakuwa nao. Miongoni mwao, waliougua sana hata kulazwa au kufariki walikuwa wengi zaidi kuliko miongoni mwa watoto ambao hawakupewa, na sehemu hiyo ya utafiti ilisitishwa kabla ya wakati wake. Kwa upande mwingine, katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, ambamo malaria ilipimwa na kutibiwa mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa madini ya chuma walinufaika.

Funzo lililo wazi ni kwamba dawa ileile humfaa mtoto mmoja na huweza kumdhuru mwingine. Katavi ni miongoni mwa maeneo yenye malaria. Mtoto mwenye weupe wa viganja au homa apelekwe kwanza zahanati, apimwe malaria na wingi wa damu, ndipo apewe dawa kwa kipimo kinacholingana na uzito wake.

Kabla ya kulipa, soma lebo

Kwa mujibu wa sera ya nchi, wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano hutakiwa kupata huduma bila malipo katika vituo vya umma. Iwapo dawa haipo kituoni, omba kuandikiwa jina la dawa, nguvu yake na idadi ya vidonge, kisha ununue katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa mahali panapoonekana. Zingatia mambo haya:

*Kiasi halisi cha madini ya chuma.* Kidonge cha salfeti ya feri cha miligramu 200 hakina miligramu 200 za madini ya chuma, bali takribani 65. Kwa dawa za maji tofauti ni kubwa zaidi kati ya bidhaa na bidhaa. Tuseme lebo ya chupa inasema kijiko kimoja kina miligramu 5 za madini ya chuma, nawe umeelekezwa kutumia miligramu 60 kwa siku. Utahitaji vijiko 12 kila siku, na chupa hiyo ya bei kubwa itakwisha kabla ya juma kupita. Chupa yenye picha ya kupendeza si lazima iwe na nguvu kuliko kidonge cha bei nafuu.

*Kiasi cha asidi ya foliki.* Mjamzito anayepewa dawa ya SP kuzuia malaria aepuke kumeza kidonge chenye asidi ya foliki miligramu 5 bila ushauri, kwa sababu kiasi hicho huweza kupunguza nguvu ya SP. Kiasi kidogo kilichomo katika vidonge vya kliniki hakina tatizo hilo.

*Hali ya dawa.* Angalia jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vidonge vilivyobadilika rangi, vilivyoshikana au kumomonyoka visitumike. Ukihesabiwa vidonge kutoka kwenye kopo kubwa, omba bahasha iandikwe jina la dawa, nguvu, namna ya kutumia na tarehe ya kuharibika. Dawa za Serikali zenye alama ya GOT haziruhusiwi kuuzwa katika maduka binafsi. Dai risiti na uitunze.

*Ahadi zisizo na kipimo.* Bidhaa inayotangazwa kuwa "inaongeza damu ndani ya saa 24" inaahidi jambo ambalo mwili hauwezi. Damu huongezeka haraka hivyo kwa kuongezewa damu hospitalini tu. Vilevile, epuka sindano za kuongeza damu zinazotolewa majumbani au mitaani. Yapo madini ya chuma yanayotolewa kwa njia ya mshipa, lakini hiyo ni tiba ya hospitali, chini ya uangalizi wa wataalamu.

Namna ya kumeza dawa

Madini ya chuma hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa halina chakula, kwa maji safi au juisi ya chungwa au limau. Chai, kahawa na maziwa huzuia ufyonzwaji wake. Acha muda wa saa mbili kati ya vinywaji hivyo na dawa. Mweleze mtoa huduma kama unatumia dawa za kupunguza asidi tumboni, au antibayotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, kwa kuwa hazipaswi kumezwa wakati mmoja na madini ya chuma.

Choo kitakuwa cheusi. Hilo ni jambo la kawaida wala si sababu ya kuacha dawa. Lakini choo cheusi kama lami kilichoanza kabla ya kutumia dawa kinaweza kumaanisha kuvuja damu tumboni, na kinahitaji uchunguzi wa haraka. Kichefuchefu, maumivu ya tumbo na choo kigumu pia hutokea. Badala ya kuacha, jaribu kumeza dawa pamoja na chakula kidogo au kabla ya kulala, na umuulize mtoa huduma kama unaweza kupunguziwa kiasi au kumeza siku moja na kuruka siku moja.

Tunza vidonge mahali ambapo mtoto hafiki. Rangi yake huwavutia watoto wakidhani ni peremende, na vidonge vichache tu huweza kuua mtoto mdogo. Mtoto aliyemeza akimbizwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima.

Chakula kinachosaidia

Maini, nyama, kuku na samaki hutoa madini ya chuma yanayofyonzwa kwa urahisi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaotoka Karema na Ikola ni chaguo zuri lililo karibu nasi. Maharage, kunde, mchicha, matembele na kisamvu vina madini hayo pia, na ufyonzwaji wake huongezeka vikiliwa pamoja na limau, chungwa, embe, pera au ubuyu. Kikombe cha chai kinywewe angalau saa moja baada ya mlo. Unapoweza, chagua unga wa viwandani ulioongezwa virutubishi.

Juisi ya rozela na ya matembele zinaweza kuwa sehemu ya mlo, lakini wekundu wa kinywaji si kipimo cha madini ya chuma yaliyomo. Aliyekwisha kupungukiwa na damu anahitaji dawa pamoja na chakula. Chakula peke yake huchelewa mno, hasa kwa mjamzito.

Mfano wa kujifunzia

Mama mjamzito wa wiki 18 anahudhuria kliniki kwa mara ya kwanza. Kipimo chake ni 8.6. Hana malaria. Anapewa dawa ya minyoo, kwa kuwa miezi mitatu ya mwanzo imepita, na anaelekezwa kumeza vidonge viwili kwa siku, kila kimoja kikiwa na miligramu 60 za madini ya chuma. Kwa wiki nne anahitaji vidonge 56. Anapewa 30, hivyo anauliza mapema namna ya kupata 26 vilivyobaki.

Baada ya wiki nne kipimo ni 10.1. Anajisikia mwenye nguvu, na hapa ndipo wengi huacha dawa. Yeye anaendelea. Kufikia wiki ya 30 kipimo ni 11.3, naye anapunguziwa hadi kidonge kimoja kwa siku, akiendelea mpaka baada ya kujifungua ili kujaza akiba iliyokuwa imekwisha. Kwa watu wengine pia, dawa kwa kawaida huendelea kwa takribani miezi mitatu baada ya damu kurudi katika kiwango chake.

Iwapo kipimo cha wiki ya nne kisingepanda ilhali dawa ilimezwa ipasavyo, hatua sahihi isingekuwa kununua chupa nyingine, bali kurudi kituoni kutafuta chanzo kingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mzazi hupoteza damu kiasi fulani wakati wa kujifungua. Mwenye akiba hustahimili. Asiye nayo huweza kupoteza maisha kwa kiasi cha damu ambacho mwenzake angekivumilia. Kwa familia iliyo mbali na Mpanda, masika yakiwa yameharibu barabara, maandalizi ya damu hufanywa miezi kadhaa kabla ya uchungu kuanza.

Hali zisizopaswa kusubiri

Nenda mara moja kituo cha afya au hospitali ikiwa mgonjwa anahema akiwa amepumzika, amezimia, ana maumivu ya kifua, amevimba miguu huku akihema, anatokwa damu nyingi, au ni mtoto mwenye viganja vyeupe kabisa au asiyeweza kunyonya. Mjamzito mwenye upungufu mkali hupewa rufaa na ajifungulie hospitalini. Damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hutolewa na wachangiaji wa hiari na haiuzwi. Ukidaiwa fedha ili upewe damu, toa taarifa kwa uongozi wa kituo.

Toa taarifa

Ukipata madhara usiyoyatarajia baada ya kutumia dawa, au ukishuku kuwa dawa ni duni au bandia, usiitupe. Ihifadhi pamoja na kifungashio na risiti, kisha utoe taarifa kituo cha afya, kwa mfamasia wa halmashauri au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Taarifa ya mtu mmoja huweza kuwanusuru wanunuzi wengine wa toleo hilohilo.

Maswali ya kujipima

1. Kipimo chako cha mwisho cha wingi wa damu kilikuwa namba gani, na kilichukuliwa lini?
2. Je, umeelezwa chanzo cha upungufu wako?
3. Dawa unayotumia ina miligramu ngapi za madini ya chuma katika kidonge au kijiko kimoja?
4. Huwa unaimeza na kinywaji gani?
5. Tarehe ya kupimwa tena ni lini?

Kama swali lolote limekosa jibu, lipeleke kwa mtoa huduma wako katika mahudhurio yajayo. Ni haki yako kuuliza, na ni wajibu wake kukujibu.